Ijumaa Nne za Mama Mwende

Jumatano, 10 Aprili 2013

Karatasi ya zamu tena. Majina arobaini na moja, malango kumi na mawili, penseli imebaki kipande. Walinzi wote wanawake, na kila mmoja anataka Ijumaa. Ijumaa ni moja kwa wiki. Siwezi kuwashonea nyingine.

Basi la alfajiri lilichelewa. Wateja wa Umm Salal wamenipigia mara sita kana kwamba mimi ndiye dereva. Chai imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.

Akili haiko hapa. Iko uwanjani. Nyuki, timu yetu ya softboli, wakishinda Ijumaa hii wanaingia nusu fainali. Halafu fainali. Halafu joto linafunga uwanja hadi Oktoba na mimi nabaki kutazama feni. Lazima iwe mwaka huu. Nusu ya wasichana mikataba yao inakwisha.

Shida ni Nabwire, mrushaji wetu. Anasimama lango la wanawake la jumba la maduka kule Umm Salal, na Ijumaa ni siku yake ya kazi. Bila Nabwire hatuna timu, tuna wasichana wanane wenye glavu. Lango lile linataka mwanamke, anapekua mikoba, siwezi kuazima mlinzi kutoka kikosi cha wanaume.

Nimemweka Mama Mwende. Ijumaa ilikuwa mapumziko yake tangu kabla sijafika Doha. Nimempa Jumanne badala yake. Nilimwambia kwenye ngazi. "Sawa, Supa," akasema, wanavyotuita masupavaiza hapa, akaendelea kupanda na ndoo yake.

Mwingine yeyote ningemsikia hadi Jumapili.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumeshinda. Tisa kwa nne.

Yusufu alitupitia baada ya swala ya Ijumaa na basi dogo la tajiri wake. Ni mtu wa Malindi, dereva wa familia moja ya Umm Salal, na haelewi softboli hata kidogo. Anatupeleka kwa sababu anapenda kelele. Uwanja uko nyuma ya mashamba, mchanga mtupu, uzio wa waya uliolala upande mmoja. Mwenye shamba hajawahi kutuuliza tunafanya nini pale.

Nabwire alikuwa hashikiki. Mkono unazunguka mara moja kando ya paja, mpira unatoka chini, na manesi tuliocheza nao waligonga hewa. Anatoka Busia ya upande wa Uganda. Alifundishwa na mtawa. Akimaliza kurusha anafuta kiganja kwenye suruali hata kama hakina jasho.

Mimi nilikaa kwenye kreti la maji na daftari langu la pointi. Shuleni Kitale sikuweza kudaka hata chungwa. Mwalimu akanionea huruma akanipa daftari, na sijaliachia tangu hapo. Alama zangu nimezitunga mwenyewe. Hakuna mwingine anayeweza kuzisoma, na hilo linanipa raha nisiyoweza kuieleza.

Sauti imeniisha. Kesho nitawakaripia watu kwa ishara.

Jumapili, 14 Aprili

Siwezi kutulia. Nimefua mashuka yaliyokuwa safi.

Nilikwenda dukani kununua sabuni nikarudi na betri. Mwenye duka, Mhindi mpole, ananiuliza kila siku kama timu imeshinda. Nilimweleza nusu saa nzima, na vipande vya biskuti nikavipanga kaunta kuwa besi, vile vituo vya kukimbilia. Watu wakapanga foleni nyuma yangu. Akaniuzia biskuti zile zile.

Jumatano, 17 Aprili

Karatasi ya zamu. Ijumaa ni nusu fainali. Nimemweka Mama Mwende Umm Salal tena.

Niseme ukweli, maana hapa nasema na nani? Kila karatasi ya zamu ina jina moja la kuziba pengo. Kila supavaiza analijua. Si la mvivu wala la mgonjwa. Ni la yule asiyesema kitu. Unapanga wenye midomo kwanza, kisha shimo linalobaki unamtia yeye.

Najua Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili ya Wakristo, anakwenda kanisani, hapa hapa Abu Hamour, anatembea kwa miguu. Kanisa halihami. Litakuwepo wiki ijayo.

Ijumaa, 19 Aprili

Vumbi. Tulicheza raundi mbili, kisha mbingu ikawa ya rangi ya matofali na hatukumwona hata mchezaji aliye besi ya kwanza. Mechi imeahirishwa hadi Ijumaa ijayo. Nina mchanga kwenye meno, kwenye daftari, kwenye mfuko uliofungwa zipu.

Nina hasira na hali ya hewa. Upuuzi, lakini ninayo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikutana na Mama Mwende jikoni. Macho mekundu kama pilipili. Lango lile liko wazi upande wa upepo na alisimama kwa muda wa saa kumi na mbili ndani ya vumbi. Nikasema pole. Akasema alijifunga leso. Akaniuliza kama tulishinda.

Nikasema haikuchezwa. Akatikisa kichwa polepole, akanihurumia. Yeye akanihurumia mimi. Nikaondoka na sufuria tupu, nikasahau nilichoendea.

Jumanne, 23 Aprili

Ofisi kubwa wameleta bahasha. Barua za likizo, barua za wanaoondoka, barua ya kutukumbusha kusoma barua. Nitazipitia. Nimezilaza mezani, daftari la pointi juu yake.

Nabwire ana kidonda cha kidole. Nimemkagua mara tatu leo. "Madam Supa, hiki ni kidole tu," akasema. Si kidole tu. Ni kidole cha katikati cha mkono wa kulia.

Jumatano, 24 Aprili

Karatasi ya zamu. Ijumaa, Umm Salal, lango la wanawake: Mama Mwende. Niliandika bila kufikiria. Mkono umeshazoea njia.

Ijumaa, 26 Aprili

Tuko fainali.

Naandika nikiwa nimesimama. Sita kwa tano, raundi ya saba, ya mwisho, na wapinzani wetu, walimu wa shule ya kimataifa, wakiwa na watu wawili kwenye besi. Nabwire alikosea mara tatu mfululizo. Nilifumba macho. Mwandika pointi aliyefumba macho, ndiye mimi. Nikasikia mpira ukiingia kwenye glavu, kisha ukaingia tena, kisha ukaingia tena, na Yusufu anapiga honi bila kujua kwa nini.

Sitalala leo. Wala sitaki.

Jumatatu, 29 Aprili

Fainali ni Ijumaa, na wale Wafilipino wa mahoteli. Hawajafungwa msimu wote. Wana jezi zenye majina mgongoni. Sisi tuna fulana za manjano ambazo zilitoa rangi kwenye ndoo moja na soksi za watu.

Nimekula mkate mkavu siku nzima. Nimewagombeza wawili kwa viatu visivyong'aa na mmoja viatu vyake vilikuwa vinang'aa.

Jumatano, 1 Mei

Karatasi ya zamu. Ijumaa, Umm Salal, Mama Mwende. Nimeisaini, imetumwa kwa mteja. Nyuki wote tisa wako huru. Sijawahi kupanga karatasi safi hivi.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeketi kitandani na sijui nianzie wapi.

Saa kumi na mbili jioni nilishuka jikoni kuchemsha maji. Mama Mwende alikuwa anakaanga maandazi, beseni zima. Naijua kazi hiyo. Wakenya wana ukumbi pale kanisani kwa saa moja na nusu kila Ijumaa asubuhi, kabla wengine hawajaingia. Anayerudi nyumbani kabisa huitwa mbele. Anaombewa, anasema neno, kisha watu wanakula maandazi ya Mama Mwende. Miaka sita amewakaangia wote. Hata mimi nisiyekanyaga kule huletewa yaliyobaki.

Nikamwuliza, kwa kupitisha maneno tu, nani anaondoka wiki hii.

Akageuza andazi. "Ni mimi, Supa. Jumatatu."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

"Na kesho?"

"Kesho niko lango. Wairimu wa chumba chetu atawabebea. Watakula tu, watanikumbuka."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Hapo akazima jiko, akaniangalia kama mtu anayejaribu kunisaidia. "Barua ililetwa kwako wiki iliyopita. Nikajua umeiona. Nikasema, kama Supa ameiona na bado ameniweka, basi hakuna mwingine wa kusimama."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Barua ilikuwa chini ya daftari la pointi. Felista Mutua, ndiye Mama Mwende, kurudi nyumbani, tarehe sita. Juu ya jina lake kuna duara la kikombe changu cha chai.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nitoke kwetu. Amewapikia watu sita, kumi, ishirini, sijui wangapi. Zamu yake imefika na anakaanga maandazi ya kuagwa kwake ili yaliwe bila yeye. Kwa sababu yangu. Kwa sababu hakulalamika.

Sasa hesabu. Nikimrudisha Nabwire langoni, fainali imekwisha kabla haijaanza, na wasichana tisa hawana kosa lolote. Nimepiga simu kwa wanawake wanne walio mapumzikoni. Mmoja yuko kazini kwingine, mmoja amezima simu, mmoja anaumwa meno, mmoja amenicheka. Kila mtu ana mdomo isipokuwa yule mmoja.

Amebaki mwanamke mmoja mwenye kitambulisho cha ulinzi ambaye kesho hana zamu. Anakalia kreti la maji na kuandika pointi.

Nimetoa yunifomu yangu chini ya kitanda. Miaka mitatu sijaivaa. Suruali haifungi. Nimeweka pini.

Nimekwenda kumwambia. Alikataa mara mbili. "Si wewe una mechi yenu, Supa?" Nikamwambia hiyo ni amri. Sijui kutoa zawadi, najua kutoa amri tu. Akashika ncha ya shuka na kuikunja, kuikunja.

Nabwire naye nimemwambia. Daftari atalibeba yeye, ingawa hakuna wa kuliandika. "Nyabo," akaniita, yaani madam kwa kwao, "tutakuhadithia." Kuhadithiwa. Nataka kulia na nataka kumpiga mtu.

Ijumaa, 3 Mei

Naandika vipande, kwenye karatasi ya ukumbusho wa wateja, nitavibandika baadaye. Simu zimekatazwa langoni. Sheria niliisaini mwenyewe.

Saa mbili asubuhi. Miguu imeshauma. Niliwahi kuwaambia walinzi kwamba kusimama ni mazoea. Niombe msamaha kwa hilo pia.

Saa nne na nusu. Sasa hivi wanamwita mbele. Mikoba ni mingi. Bibi mmoja alibeba kuku mzima ndani ya mkoba wa ngozi. Nilimwacha apite.

Saa saba na robo. Yusufu amepita na basi, anapiga honi. Fulana za manjano madirishani. Nabwire akanionyesha kidole chake cha katikati, kile chenye plasta, na mama mmoja wa Kizungu akashtuka. Wakaingia barabara ya mashambani. Uwanja uko mwendo wa dakika kumi kwa basi kutoka hapa. Dakika kumi.

Saa saba na nusu. Mama Mwende amekuja.

Ngoja niandike sawasawa. Alishuka kwenye gari la watu wa kanisani. Shuka la maua mabegani, na chini yake yunifomu kamili, viatu vinang'aa. Macho yamevimba kwa kulia, uso umekunjuka kwa furaha. Ananuka iliki.

"Nimekuja kukupokea, Supa. Nimeshaagwa. Nenda kwa watoto wako."

Nilivua kofia. Naiandika ili nisijidanganye baadaye: nilivua kofia, nikaishika, nikageuza mguu kuelekea barabara ya mashambani. Mwili wangu wote ulikuwa umeshaondoka. Na yeye alikuwa ameshaingia mahali pake, kando ya meza, ameweka mikono nyuma kama kawaida yake. Palimwenea vizuri sana pale. Hilo ndilo lililonirudisha. Palimwenea kwa sababu nilimtia hapo wiki tatu bila kuuliza.

Nikavaa kofia. Nikamwambia hapana.

"Sasa nifanye nini na mchana wote huu?" akauliza. Alishangaa kweli. Sidhani amewahi kuwa na mchana mtupu hapa Doha.

Nikamwambia aende uwanjani. Nabwire ana daftari. Aandike mechi, anavyoiona, niisome. Akasema hajui softboli. Nikamwambia hata Yusufu hajui na yeye hupiga honi. Akanikabidhi andazi ndani ya karatasi akaondoka kwa miguu, polepole, shuka linapepea.

Saa tisa. Wanacheza.

Saa tisa na nusu. Wanacheza.

Saa kumi. Upepo unatoka upande ule na hauleti chochote. Nimepekua mkoba mmoja mara mbili. Mwenyewe akaniuliza natafuta nini.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Honi, mbali. Fupi. Moja tu.

Moja tu.

Jumamosi, 4 Mei

Tumefungwa. Tatu kwa mbili, raundi ya saba.

Nilijua kwa ile honi. Wasichana walikuwa basini wakinisubiri nitoke zamu. Hawakuimba, lakini hawakununa pia. Nabwire alilala begani kwangu hadi Abu Hamour, na kiganja amekiweka juu ya paja, wazi.

Mama Mwende alinirudishia daftari kwa mikono miwili. Nilitazamia mistari mitatu. Ameandika ukurasa na nusu. Ameandika anavyojua yeye, kama kitabu cha matukio cha langoni, miaka sita ya mkono uleule. Nanakili hapa kwa sababu karatasi zile zina mafuta.

"Saa 8:35 mchana. Nimepokea daftari. Uwanja uko sawa, isipokuwa uzio umelala upande mmoja. Wachezaji wetu tisa, wote wapo, wana sare.

"Saa 8:50. Nabwire ametupa mara tatu. Dada wa upande wa pili hajaugusa. Ameondoka mwenyewe bila vurugu.

"Saa 9:20. Msichana wetu mrefu ameupiga, amekimbia, amezunguka, amerudi pale pale alipoanzia. Watu wanapiga kelele. Nimeuliza, nimeambiwa ni vizuri.

"Saa 10:10. Wao mbili, sisi mbili. Hali ni shwari.

"Saa 10:50. Mpira umepigwa ukapita juu ya uzio. Nimeusubiri. Haujarudi.

"Saa 10:52. Wamemaliza. Nabwire amekaa chini. Nimempa andazi, amekula. Nimempa la pili.

"Saa 11:00. Watu wote wametoka salama. Hakuna kilichopotea isipokuwa mpira mmoja. Nakabidhi."

Chini yake jina na namba yake ya kazi, na sahihi.

Nimesoma mara nne. Nilitaka kombe lile hadi meno yakauma. Bado nalitaka. Nimecheka pale kwenye "bila vurugu" hadi Wairimu akabisha mlango, kisha nikalia kidogo.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemsindikiza hadi uwanja wa ndege. Sanduku moja na blanketi. Hakuwa na maneno mengi. Mimi nilikuwa nayo mengi na sikuyasema vizuri. Nilisema, "Mama Mwende, nisamehe Ijumaa zile tatu." Akanishika mkono. "Zilikuwa nne," akasema. "Moja ukanirudishia."

Alikuwa anazihesabu. Wakati wote.

Jumatano, 8 Mei

Joto limefika. Uwanja umefungwa. Glavu ziko ndani ya gunia chini ya meza yangu, zinanuka ngozi.

Karatasi ya zamu. Majina arobaini. Umm Salal, lango la wanawake, Ijumaa: tupu. Nabwire ameomba asirudishwe pale na amesema sababu zake zote, kwa sauti.

Penseli ikashuka yenyewe hadi chini ya orodha. Zipora. Ana wiki mbili hapa. Sikumbuki sauti yake. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza.

Nikapanda hadi chumba chake. Akasimama haraka, akadhani amekosa. Nikamwuliza Ijumaa huwa anafanya nini. Akafikiria sana. Akasema hakuna kitu, Supa, huwa nalala tu.

Nimeshuka. Lango nimempa Nabwire, amenuna, atanuna hadi Jumapili. Kisha nikachukua kalamu ya wino. Zipora, Ijumaa, mapumziko. Sababu: kulala.